Miteremko Kwanza: Kupanga Safari ya Gari-Nyumba Katika Milima ya Rocky

Wasomaji wanaoishi Marekani, pamoja na jamaa zao wanaowatembelea wakati wa likizo za kiangazi, wamekuwa wakiuliza swali moja kwa namna nyingi: je, gari-nyumba la kukodi, yaani gari lenye vitanda, jiko na choo ndani yake, linaweza kuvuka Milima ya Rocky bila kuhatarisha familia iliyomo? Jibu fupi ni kwamba linaweza. Hata hivyo, swali hilo huulizwa kwa kuangalia upande mmoja tu wa mlima, kwa kuwa wengi huhofia kupanda, ilhali injini ya kisasa hupanda karibu kila mlima uliowekwa lami, japo polepole, na kinachoangamiza magari na watu ni kuteremka. Kwa hiyo makala haya yanashikilia kanuni moja, kwamba njia ya milimani hupangwa kwa kuanzia na miteremko yake, kisha ndipo huhesabiwa kilomita, vituo vya mafuta na mandhari.

Mifano mingi imetoka katika jimbo la Colorado, ambako barabara kuu hupita juu zaidi kuliko kwingine kokote nchini humo. Vipimo vimetolewa kwa mita na kilomita, lakini msafiri azoee pia futi na maili, kwani ndizo zinazoandikwa kwenye vibao vya barabarani: futi 1 ni takribani sentimita 30, na maili 1 ni kilomita 1.6.

Gari hujulikana kabla ya njia

Mtu aliyekodi gari-nyumba mara nyingi hulipokea asubuhi, huonyeshwa swichi za taa na bomba la majitaka kwa haraka, kisha huondoka bila kujua namba nne ambazo ndizo zitakazoamua apite wapi. Inafaa namba hizo ziulizwe kabla ya kulipia, ziandikwe kwenye karatasi kwa mita na kwa futi, na karatasi ibandikwe mbele ya dereva mahali anapoiona bila kuinama.

- Urefu kutoka bampa hadi bampa, pamoja na kibebeo cha baiskeli kama kipo, kwa sababu barabara kadhaa hukataza magari kwa urefu wao.
- Kimo, kikipimwa hadi juu ya kiyoyozi kilichoko kwenye paa na si hadi kwenye paa lenyewe.
- Upana pamoja na vioo vya pembeni vikiwa vimefunguliwa.
- Uzito wa juu unaoruhusiwa, ambao huandikwa kwenye kibandiko kilichoko kwenye fremu ya mlango wa dereva au karibu na kiti chake.

Namba ya nne haina maana mpaka ilinganishwe na uzito halisi. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 150 likijazwa huongeza kilo 150, na familia yenye watu sita, mizigo yao, majokofu ya nyama na magunia ya mkaa hufikisha gari kwenye kikomo bila mtu kutambua. Vituo vikubwa vya malori kando ya barabara kuu vina mizani ambayo hata gari binafsi hupimwa kwa ada ndogo, na ni busara kupima gari likiwa limepakiwa kila kitu, kisha kusafiri na tangi la maji lililojaa nusu au chini ya hapo, kwa kuwa kambi nyingi zina maji. Kila kilo iliyobebwa ovyo ni kilo ambayo breki zitalazimika kuizuia kwenye mteremko.

Matairi nayo yakaguliwe kwa macho. Kashata zikiwa nzima hazitoshi, kwa sababu tairi la gari lililosimama muda mrefu juani huzeeka kabla halijawa kipara. Ubavuni mwa kila tairi kuna msururu wa herufi na namba unaoanzia na DOT, na tarakimu nne za mwisho huonyesha juma na mwaka wa kutengenezwa, kiasi kwamba 2319 ina maana ya juma la 23 la mwaka 2019. Tairi lililokaribia miaka saba lisikubaliwe kwa safari ya milimani, hata kama mwenye gari anasema liko sawa.

Kuisoma njia: asilimia, upande na mwelekeo

Kipito ni mahali ambapo barabara hukatiza safu ya milima, na kila kipito kina kimo kilichoandikwa kwenye kibao. Wasafiri wengi hulinganisha njia kwa kimo hicho, na hapo hupotoka, kwa sababu kipito cha juu chenye mteremko wa taratibu ni rahisi kuliko cha chini chenye mteremko mkali. Mambo matatu yana uzito zaidi.

La kwanza ni ukali wa mteremko, ambao huandikwa kwa asilimia. Mteremko wa asilimia 7 ni ule ambao barabara hushuka mita 7 kwa kila mita 100 za mwendo. Kwa gari-nyumba la kukodi, asilimia 5 au 6 huhitaji uangalifu wa kawaida, asilimia 7 huhitaji maandalizi, na asilimia 10 ni bora iepukwe na dereva asiye na mazoea. Mfano mzuri wa asilimia 10 ni kipito cha Teton katika jimbo la Wyoming, chenye kimo cha mita 2,570 tu, ambacho kwenye ramani huonekana kuwa njia ya mkato kati ya Idaho na mji wa Jackson. Njia inayopita Swan Valley na Alpine, ikifuata bonde la mto Snake, ni ndefu zaidi lakini haina mteremko wa namna hiyo, na hiyo ndiyo inayofaa.

La pili ni urefu wa mteremko. Asilimia 7 kwa kilomita moja si sawa na asilimia 7 kwa kilomita 13, kwa sababu joto la breki hujilimbikiza kadiri zinavyoendelea kutumika.

La tatu, ambalo husahauliwa kuliko yote, ni mwelekeo wa safari. Marekani gari hushika kulia, na kwa hiyo katika barabara iliyochongwa ubavuni mwa mlima, mwelekeo mmoja humweka dereva karibu na ukuta wa mawe na mwelekeo wa pili humweka ukingoni mwa korongo. Wasafiri waliojifunza udereva Tanzania, Kenya au Uganda, ambako hushikwa kushoto, huwa na mvuto wa kusogea kulia pasipo kukusudia, na mvuto huo ukingoni mwa korongo hauna nafasi ya kusahihishwa. Safari ya kuzunguka inaweza kupangwa igeuzwe, ili kila sehemu ngumu ipitwe kwa upande wa ukuta.

Mfano: kutoka Denver hadi Durango

Denver, mji mkuu wa Colorado, uko kwenye kimo cha mita 1,609, na Durango uko kusini-magharibi mwa jimbo, ng'ambo ya milima ya San Juan. Gari dogo huenda kwa takribani kilomita 540, na programu ya ramani husema muda wa saa sita na nusu hivi. Kwa gari-nyumba, muda wowote unaotolewa na simu uongezwe theluthi moja, na hivyo safari hii huwa ya siku mbili. Njia ni tatu.

*Njia ya barabara kuu ya US 285 na US 160.* Hupanda kipito cha Kenosha, chenye mita 3,048, kisha huingia katika nyanda pana zilizoko juu, hushuka hadi bonde la San Luis, na kuvuka kipito cha Wolf Creek, chenye kimo cha karibu mita 3,310. Ugumu wake wote umekusanyika mahali pamoja, yaani upande wa magharibi wa Wolf Creek, ambako barabara hushuka kwa karibu asilimia 7 ikiwa na kona, kuelekea Pagosa Springs. Anayetoka Denver huteremka upande huo mkali. Njia hii ndiyo inayopendekezwa kwa wengi, kwa sharti kwamba usiku wa kwanza ulalwe Alamosa au Monte Vista, kwenye kimo cha mita 2,300 hivi, ili Wolf Creek ivukwe asubuhi dereva akiwa hajachoka na anga ikiwa haijafunga mawingu.

*Njia ya Monarch na Lizard Head.* Hufuata US 285, kisha US 50 kupitia kipito cha Monarch, chenye mita 3,448, hadi Gunnison na Montrose. Kutoka Montrose huenda kusini hadi Ridgway, na hapo badala ya kuingia Ouray hugeuka magharibi kwa barabara namba 62 na 145, kupita karibu na Telluride na kipito cha Lizard Head, chenye mita 3,116, na kuteremka taratibu kando ya mto Dolores. Ni ndefu kuliko zote, lakini yule mwenye siku nne au tano hatajuta.

*Njia ya US 550 kupitia Ouray na Silverton.* Hii ndiyo inayoulizwa sana kwa sababu ya picha zake. Sehemu ya takribani kilomita 40 kati ya Ouray na Silverton, inayopita kipito cha Red Mountain chenye mita 3,358, haina vizuizi vya pembeni mahali pengi. Sababu ni kwamba magari ya kusukuma theluji huhitaji mahali pa kuimwaga, nayo humwagwa korongoni. Sheria haizuii gari-nyumba kupita hapo. Lakini anayetoka Ouray kwenda kusini huwa upande wa korongo, mara nyingine tairi la kulia likiwa mita moja tu kutoka mwisho wa lami, na gari lenye upana wa mita 2.5 halimpi nafasi ya kuhangaika. Anayeitaka kwa dhati aende Durango kwa njia ya Wolf Creek, kisha arudi kaskazini kwa US 550, upande wa ukuta, asubuhi, siku isiyo na mvua, kwa gari lisilozidi mita 8 hivi. Dereva ambaye hajawahi kuendesha gari kubwa kabla ya safari hiyo aiache.

Mfano huu unaonyesha kwa nini kimo peke yake hakitoshi kuchagua njia: kipito cha Monarch kiko juu kuliko cha Red Mountain, na bado ndicho salama zaidi.

Barabara zinazokataza magari marefu

Programu ya kawaida ya ramani hudhani kila gari ni dogo, na hivyo huweza kumwelekeza dereva kwenye barabara asiyoruhusiwa. Hizi zinafaa kujulikana mapema:

- Kipito cha Independence, barabara namba 82 kati ya Twin Lakes na Aspen, chenye mita 3,687: magari yenye urefu wa futi 35, yaani mita 10.7, au zaidi hayaruhusiwi, na barabara yenyewe hufungwa majira yote ya baridi. Hata gari fupi hukuta sehemu nyembamba ambapo magari mawili hupishana kwa shida.
- Barabara ya Going-to-the-Sun katika Hifadhi ya Glacier, Montana: kati ya Avalanche na Rising Sun hairuhusiwi gari lenye urefu unaozidi futi 21, yaani mita 6.4, au upana unaozidi futi 8, vioo vikihesabiwa. Karibu kila gari-nyumba la kukodi huangukia katika katazo hilo.
- Old Fall River Road katika Hifadhi ya Rocky Mountain, ambayo ni ya changarawe na huzuia magari yanayozidi futi 25.

Kwa upande mwingine, Trail Ridge Road katika hifadhi hiyohiyo, inayofikia mita 3,713, huruhusu magari-nyumba na ni pana kuliko sifa yake inavyovuma. Kwa kawaida hufunguliwa mwishoni mwa Mei na hufungwa Oktoba, na katika miaka ya karibuni hifadhi imekuwa ikidai tiketi ya saa maalumu ya kuingilia wakati wa kiangazi, ambayo hununuliwa mapema.

Kuteremka

Breki hufanya kazi kwa kugeuza mwendo kuwa joto. Zikikanyagwa mfululizo, pedi na diski hupata moto kuliko zinavyoweza kuutoa, mafuta ya breki huanza kuchemka na kutoa mvuke ndani ya mabomba, na kwa kuwa mvuke hubinyika, pedali huzama bila gari kupungua mwendo. Dalili ya kwanza ni harufu kali ya kitu kinachoungua inayoingia ndani ya gari, ya pili ni pedali kulegea, na anayengoja ya tatu amechelewa.

Njia sahihi ni kuiachia injini kazi ya kulishikilia gari, kwa utaratibu ufuatao:

1. Kibao cha njano chenye mchoro wa lori juu ya pembetatu kinapoonekana, dereva apunguze mwendo na kuingiza gia ndogo kabla gari halijaanza kushuka. Kanuni ya zamani ya madereva wa malori, kwamba mlima huteremkwa kwa gia ileile ambayo ungepandiwa, bado ni mwongozo mzuri.
2. Magari-nyumba mengi yana gia za otomatiki, pamoja na kitufe cha kukokotea mizigo mizito ambacho hulazimisha gia kushuka zenyewe. Kitufe hicho kibonyezwe, na kama mwendo bado unaongezeka, gia ichaguliwe kwa mkono.
3. Mlio wa injini utapanda na mizunguko itafika 4,000 au zaidi. Hilo humtisha dereva mgeni na kumfanya arudishe gia kubwa, jambo ambalo ni kosa, kwani injini ya petroli inaweza kustahimili mizunguko hiyo alimradi mshale haujafika kwenye alama nyekundu.
4. Mwendo ukizidi uliokusudiwa, breki zikanyagwe kwa nguvu ya kutosha mpaka mwendo upungue kwa takribani kilomita 8 kwa saa, kisha ziachiwe kabisa zipoe. Kama mwendo salama ni maili 40 kwa saa, dereva huushusha hadi 35, huachia, hungoja urudi 40, na kurudia.
5. Harufu ikisikika, dereva aingie sehemu ya kwanza pana ya kuegesha na kupumzisha breki nusu saa, bila kuzimwagia maji, kwani diski yenye moto hupasuka.

Baadhi ya wasomaji husema wamekwisha kuendesha mlima Kitonga, kati ya Ruaha Mbuyuni na Ilula, au miteremko ya Salgaa katika barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, na kwa hiyo hawahitaji mafunzo haya. Uzoefu huo ni mtaji wa kweli, mradi usiambatane na mazoea ya kuweka nyutro ili kuokoa mafuta, mazoea yaliyoua watu wengi Salgaa. Gari likiwa nyutro, injini haishikilii chochote na breki hubaki peke yake. Zaidi ya hapo, sehemu kubwa ya uzoefu wa Kitonga imepatikana kwenye gari dogo au kwenye kiti cha basi.

Wengine husema kwamba kama malori ya tani 36 yanapita, gari-nyumba la tani sita haliwezi kushindwa. Malori hayo yana breki za upepo na mtambo maalumu wa kuibana injini wakati wa kuteremka, madereva wake wana leseni ya daraja la pekee, na bado breki huwakatikia. Ndiyo maana kando ya miteremko mikubwa, kama ule wa magharibi mwa kipito cha Vail, zimejengwa njia za dharura zilizojazwa kokoto nene zinazopanda mlimani, ili gari lililokata breki liingie na kuzama mpaka lisimame. Dereva wa gari-nyumba azihesabu njia hizo kwenye ramani kabla ya safari. Breki zikikatika, aingie bila kusita, kwa sababu gharama ya kuvutwa kutoka kwenye kokoto hailinganishwi na ya kona inayofuata.

Kupanda

Hapa maneno ni machache. Hewa hupungua kadiri mtu anavyopanda, na injini isiyo na mtambo wa kusukuma hewa hupoteza takribani asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300, kwa hiyo kwenye handaki la Eisenhower, lililoko kwenye mita 3,400 hivi katika barabara kuu ya I-70, hubaki na kama asilimia 70 ya nguvu zake za pwani. Kasi ya maili 35 kwa saa kwenye mpando huo ni ya kawaida. Dereva akae njia ya kulia, awashe taa za dharura akiwa mwendo wa polepole sana, na azime kiyoyozi mshale wa joto ukianza kupanda. Katika barabara ya njia mbili, awapishe walio nyuma kwenye sehemu pana. California na Washington hilo ni sheria pindi magari matano yanapofuatana nyuma.

Kwenye pampu za Colorado petroli ya bei ya chini huwa ya okteni 85, ilhali watengenezaji wengi wa injini hutaka 87. Gari likiwa na mzigo, ichaguliwe 87. Tangi lijazwe likifika nusu, kwa kuwa gari-nyumba la kawaida hunywa lita 25 hadi 30 kwa kilomita 100.

Saa, siku na majira

- Majira bora ni kuanzia mwisho wa Juni hadi katikati ya Septemba. Theluji inaweza kuanguka Septemba na hata Juni, lakini aghalabu haikai barabarani.
- Kuanzia Septemba 1 hadi Mei 31, sheria ya Colorado hudai magari katika sehemu ya milimani ya I-70, kati ya Dotsero na Morrison, yawe na matairi yanayofaa theluji au minyororo ya tairi. Makampuni mengi ya kukodi hayaruhusu minyororo, na jibu la wazi ni kutosafiri huko kwa gari-nyumba wakati wa baridi, ambapo pia mabomba ya maji huganda.
- Julai na Agosti, radi na mvua ya mawe hutokea mara nyingi baada ya saa 6 mchana. Kipito kivukwe kabla ya hapo.
- Katika I-70, wakazi wa Denver huelekea milimani Ijumaa jioni na Jumamosi asubuhi, na hurudi Jumapili alasiri. Siku za Jumanne hadi Alhamisi ndizo nyepesi.
- Kupita milimani usiku kusiwemo katika ratiba yoyote. Swala na paa huvuka gizani, na mgeni haoni mwisho wa bega la barabara.

Mwili wa msafiri

Kupanga njia ni pamoja na kupanga mahali pa kulala. Juu ya mita 2,500, mtu aliyetoka pwani anaweza kupata maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi, na dereva wa namna hiyo ni hatari kama aliyelewa. Usiku wa kwanza baada ya kuwasili, na ikiwezekana wa pili, ulalwe Denver au mahali pa kimo kama hicho, maji yanywewe kwa wingi, na mtu ambaye dalili zinamzidi ateremshwe badala ya kupewa dawa za kutuliza maumivu na safari kuendelea.

Jambo moja linawahusu wasomaji wa asili ya Afrika kwa namna ya pekee, nalo halipatikani katika vipeperushi vya makampuni ya magari. Mwenye ugonjwa wa selimundu anaweza kupatwa na maumivu makali na kuharibika kwa bandama kwa sababu ya uhaba wa oksijeni mahali pa juu. Hata wale waliorithi vinasaba vya selimundu kwa mzazi mmoja tu, ambao kwa kawaida huishi bila dalili, wamewahi kupatwa na tatizo la bandama milimani. Familia yenye historia hiyo ipime na kuzungumza na daktari kabla ya kukodi gari. Maumivu ya ghafla ya tumbo upande wa kushoto, chini ya mbavu, ni sababu ya kushuka na kwenda hospitali mara moja.

Makosa yanayorudiwa

- Kupanga kilomita 600 kwa siku kwa sababu ramani inaonyesha barabara kuu. Kilomita 250 hadi 300 za milimani zinatosha.
- Kuondoka na jiko au friji la gesi likiwaka. Valvu ya gesi ifungwe wakati wa mwendo, hasa kabla ya mahandaki.
- Kusahau kwamba sehemu ya nyuma ya gari, iliyo nyuma ya tairi, huyumba kwenda upande wa pili gari likikata kona, na huvunja vioo vya magari mengine kwenye vituo vya mafuta.
- Kutegemea simu. Mtandao hukatika ndani ya mabonde, kwa hiyo ramani zipakuliwe mapema na ya karatasi iwepo.
- Kufika bila nafasi ya kambi. Kambi nyingi za serikali hufungua nafasi miezi sita kabla, na za Julai huisha upesi.
- Kutarajia maharage yaive. Kwenye mita 3,000 maji huchemka karibu nyuzi 90 za Selsiasi, na sufuria ya maharage inaweza kumaliza gesi ya siku mbili. Yapikwe nyumbani, au ibebwe sufuria ya presha.

Njia inapofungwa

Kila mpango uwe na njia ya pili iliyochaguliwa mapema mezani, wala si kwenye usukani. Mwezi Agosti 2020, moto wa Grizzly Creek ulifunga I-70 katika korongo la Glenwood, na madereva wakafuata simu zao hadi kipito cha Independence, wakiwemo wa malori yaliyokatazwa, mpaka nacho kikalazimika kufungwa. Mwaka uliofuata, maporomoko ya matope kutoka kwenye vilima vilivyoungua yalifunga korongo hilo tena kwa takribani wiki mbili. Mchepuko unaofaa magari makubwa huzunguka kaskazini kupitia Steamboat Springs na huchukua saa kadhaa. Hali ya barabara hupatikana kwa kupiga 511 katika majimbo mengi, na iangaliwe jioni ya kuamkia safari, kisha asubuhi kabla ya kuwasha gari.

Pale gari-nyumba linapopaswa kubaki kambini

Pingamizi la mwisho la wasomaji ni kwamba tahadhari hizi zote zitawanyima mandhari waliyoyafuata. Si lazima iwe hivyo. Huko Glacier hifadhi huendesha mabasi katika Going-to-the-Sun wakati wa kiangazi, na kwenye miji mingi ya milimani gari dogo hukodiwa kwa siku moja. Kutoka Durango hadi Silverton kuna reli nyembamba iliyokamilika mwaka 1882, ambayo hadi leo hubeba abiria kando ya mto Animas, ndani ya makorongo ambayo hakuna barabara inayoyafikia. Gari-nyumba huachwa Durango, dereva naye hukaa dirishani na wenzake na kuangalia milima, na tiketi za miezi ya Julai na Agosti ni bora zinunuliwe wiki kadhaa mapema.